Ndege Hapana Jua Cheo

Kosa langu la kwanza, lile ambalo makosa mengine ya utotoni yalilifuata nyuma, lilikuwa kudhani kwamba neno "mzito" lina maana moja tu. Nyumbani kwetu Mvara lilikuwa neno la kazi ya Baba, kama vile randa ilivyo ya seremala. Baba alipima watu kwenye uwanja wa ndege wa Arua. Aliyekuwa mzito alikuwa mzito, aliyekuwa mwepesi alikuwa mwepesi, na mshale wa mizani ulimaliza maneno. Sikuona sababu ya kulitafutia neno hilo maana nyingine.

Kwa miaka mingi nilikwepa kulifikiria. Kisha mwaka jana nilikwenda sokoni Koboko kumnunulia Mama samaki wakavu, na muuzaji akawatupa samaki wangu juu ya mizani kubwa ya chuma, ya aina ile ya kukanyaga. Rangi yake ya bluu ilikuwa imebanduka karibu yote. Lakini juu ya bamba, chini ya magamba na chumvi, palikuwa na nyayo mbili zilizochorwa kwa rangi nyekundu, kisigino cha kushoto kimepinda kidogo kwenda nje. Nyayo hizo alizichora Baba. Alitumia mguu wangu mimi kama kipimo, kisha akaukuza, na kisigino changu cha kushoto kimepinda hivyo hadi leo.

"Panda wewe pia, ndugu, ona kilo yako," muuzaji aliniambia alipoona nimeganda. "Bure."

"Umeipata wapi?"

"Hii? Hii ni ya ndege. Ilikuwa inapima watu wakubwa wakubwa. Sasa inapima samaki." Akacheka. "Lakini samaki hapana kasirika."

Sikupanda. Nilichukua samaki wangu nikaondoka, na harufu yao ikanifuata kwenye basi.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka ndege yenyewe, ila wadogo zetu hawaamini kwamba ilikuwepo. Wakati ule barabara ya Kampala ilikuwa barabara ya hofu kwa sababu ya waasi. Mabasi yaliondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na watu waliosafiri wanasema kwamba kabla ya kufika daraja la Karuma mazungumzo yalikatika yenyewe, hata watoto wachanga wakanyamaza. Mabasi mengine hayakufika. Ndipo watoto wachache wa West Nile, mkoa wetu, waliofanikiwa huko Kampala wakaungana, wakatafuta ndege moja ya mapanga mawili, kuukuu, wakaanzisha kampuni. Ilitoka wapi, hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Wengine walisema Kongo, wengine Afrika Kusini. Baba, ukimuuliza, alikujibu kwa sura kavu kwamba ilitoka juu.

Ilikuwa ndogo kiasi kwamba kwaya moja ya kanisa isingeenea ndani yake. Ilitua kwenye moramu, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa, na kabla haijatua ilibidi mtu akimbie kufukuza mbuzi. Ilipowasha mapanga yake vumbi jekundu liliinuka, na harufu ya mafuta ya taa ikaenea mpaka kwenye nguo zilizoanikwa upande wa pili wa barabara. Watu hawakuiita kwa jina lililoandikwa ubavuni. Waliiita "ndege ya sisi". Baadaye, nilipojifundisha Kiswahili sanifu peke yangu, kwa redio na kwa vitabu chakavu, niligundua kwamba nilipaswa kusema "ndege yetu". Najitahidi sana kuandika bila makosa, hilo wanaonijua wanalijua na wamelichoka. Lakini hapa nashindwa kusahihisha. "Ndege yetu" ni chombo tu. "Ndege ya sisi" ilikuwa kama kumwonyesha mtu kidole kifuani: ya sisi, tuliosahauliwa huku ng'ambo ya mto.

Kwa kuwa ilikuwa ndogo, ilibidi kila abiria apimwe pamoja na mzigo wake. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana watu wa Arua na Koboko waliijua mizani tangu zamani. Waliijua kwenye soko la tumbaku, ambako mkulima huleta jasho la msimu mzima na mnunuzi humwambia kwamba mshale umesema kidogo. Kwao mizani ilikuwa mahali pa kuibiwa. Nakumbuka bibi mmoja wa Adumi, amevaa vazi la gomesi, jipya, ambayo mkunjo wa dukani haujatoka, akiizunguka mizani ya Baba kama mtu anayezunguka nyoka.

"Mimi iko tumbaku?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Panda tu."

"Unanunua mimi?"

"Hapa hapana nunua mutu, Mama."

"Basi kama hapana nunua, unapima ya nini?"

Nyuma yake kijana mmoja akapaza sauti, "Panda, bibi, sisi nataka kujua bei!" Foleni nzima ikaanguka kicheko, na bibi mwenyewe akacheka akapanda, akiwa amefumba macho. Siku nyingine hajji mmoja wa Koboko alivua viatu kabla ya kukanyaga zile nyayo nyekundu, akavua saa, akavua kofia, kisha akamuuliza Baba kama meno ya bandia nayo yanahesabiwa.

Watu walimwita Baba "Kilo". Alizaliwa kambini, mtoto wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kimesimama wima. Alipiga pasi shati jeupe kila asubuhi, hata siku ambazo ndege haikuja. Na alikuwa na msemo wake mmoja ambao nilikua nao kama watoto wengine walivyokua na aya za dini: "Ndege hapana jua cheo. Ndege inajua kilo." Nilimsikia akimwambia hivyo mchungaji. Nilimsikia akimwambia hivyo afisa wa jeshi mwenye nyota begani, na afisa akapanda mizani na kofia yake mkononi, mpole kama mwanafunzi. Sheria ya Baba ilikuwa nyepesi na kila mtu aliijua: kilo zikizidi, aliyefika mwisho anabaki. Hakuna kelele, hakuna jamaa, hakuna bwana mkubwa. Jumamosi alinichukua tukakaa pamoja kwenye benchi lake, na mimi nilijiona mtoto wa mtu aliyesimama mlangoni mwa mbingu na kuchagua kwa haki. Nasema "mbingu" nikijua ni neno kubwa mno. Ndivyo nilivyoona.

Mwaka ambao mambo haya yalitokea, mama mdogo wangu, yaani mdogo wake Mama, alitoka Ludara, kijijini kwao, akaja kukaa nasi. Alichukua jiko, akachukua kufua, akachukua ndoo za maji. Siku moja alinikuta nimemwachia Mama ndoo ainue, akanifinya sikio.

"Wewe hapana ona? Mama iko muzito!"

Nikatazama. Kweli. Mama alikuwa amenenepa, tumbo hasa, na uso umevimba, na alitembea akijishika kiuno kama wale wafanyabiashara wanene ambao Baba aliwapima na kutikisa kichwa. Sikujua chochote kuhusu mimba. Kabla yangu na baada yangu Mama alikuwa amepata watoto wengine ambao niliambiwa tu kwamba "walirudi", yaani hawakuishi, na tangu hapo nyumba yetu haikutaja jambo hilo kabla mtoto hajalia. Hata majirani walijua kutolitaja. Kwa hiyo hakuna aliyenieleza. Nilichojua ni kwamba daktari wa hapa Arua alikuwa amesema safari hii asijaribu kutibiwa hapa, aende Kampala mapema, na kwamba atakwenda na ndege ya sisi kwa sababu basi na msafara havikufaa kwa hali yake. Na nilijua kinachowapata watu wazito.

Hapo nikaanza kumnyang'anya Mama chakula. Nilifanya kwa utaratibu, kwa hofu, kama nilivyofanya mambo yote na ninavyofanya bado. Nyama yake niliihamishia mdomoni mwangu alipogeuka. Uji wake wa mtama niliupunguza nikaumwaga nyuma ya nyumba. Wakati wa kula enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, nilimega upande wake mabonge makubwa kuliko mkono wangu ulivyoweza kushika. Nilikula mpaka tumbo likauma. Kila jioni nilimtazama kwa ubavu nione kama amepungua, na kila jioni alikuwa ameongezeka.

Mwishowe akanishika mkono ukiwa ndani ya bakuli lake.

"Nyama ya mimi iko wapi?"

"Nimekula."

"Na ya jana?"

"Nimekula."

"Eh! Wewe nataka kuwa mutu muzito?"

"Hapana. Nataka wewe uwe mwepesi. Ndege itakuacha."

Alinitazama kidogo bila kuelewa. Kisha akaelewa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwita mdogo wake aje asikie, akanifanya nirudie, wakacheka tena wote wawili, mama mdogo akifuta machozi kwa kanga. "Huyu ni mtoto ya Kilo kweli," alisema. Jioni wakamsimulia Baba. Baba hakucheka sana. Aliweka mkono kichwani mwangu akasema, "Mimi nimepiga hesabu. Mama atapanda." Nililala vizuri siku hiyo. Baba alikuwa hajawahi kukosea hesabu.

Siku ya safari Mama alivaa kitenge cha kijani na shuka kubwa juu yake. Tulifika uwanjani mapema kuliko wote, maana Baba hakutaka mtu aseme kwamba mke wake alichelewa. Alimpima wa kwanza. Namwona bado: miguu iliyovimba juu ya nyayo nyekundu, na Baba akiinama kusoma mshale kwa uangalifu uleule, bila kumtazama usoni, kama alivyofanya kwa kila abiria. "Sawa," alisema. Wakaja wengine: mwalimu, mtawa, vijana wawili wa chuo, na mama mmoja mkubwa wa mwili anayeuza vitenge sokoni Arua, ambaye alipopanda mizani ililia na yeye akaiambia, "Lia tu, mimi nimezoea." Kilo zilitosha. Kidogo zilibaki. Wakapanda ndani, Mama akapata kiti karibu na mlango, akanipungia mkono.

Rubani alikuwa tayari ameingia wakati gari lilipokuja likikata uwanja, na msichana wa ofisini akatoka mbio akisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Mutu muzito amefika! Mutu muzito!"

Nikajua kilo hazitatosha. Nikatazama gari nikisubiri ashuke mtu mnene kupita yule mama wa vitenge. Akashuka mwanamume mwembamba, suti imemning'inia kama iko kwenye msumari, na mkoba mdogo mkononi. Nilifurahi kabisa. Nikawaza kwamba msichana yule hajui kazi, kwamba sasa Baba atampima na mshale utaonyesha mtu mwepesi, na zile kilo zilizobaki zitamtosha.

Hakupanda mizani. Aliipita kando, kama mtu anavyopita kando ya dimbwi, akasimama kivulini chini ya bawa akaanza kuzungumza na simu. Sikuwahi kuona mtu akiipita. Nilimtazama Baba nikisubiri amwite.

Meneja wa kampuni akaja jasho likimtiririka. Alikuwa mtu wa Kampala, hakupenda Kiswahili, lakini kwa Baba alikitumia. "Kilo, viti vimejaa. Toa mmoja."

"Huyu amefika mwisho," Baba alisema.

"Kilo. Toa mmoja."

Baba alipanda ngazi ya ndege, akasimama mlangoni, na mimi nilikuwa nimemfuata hadi chini ya ngazi kwa hiyo nilisikia kila kitu. Aliwatazama abiria mmoja mmoja, polepole, kama anawapima tena kwa macho. Wote waliangalia magoti yao. Isipokuwa mama wa vitenge. Yeye alikuwa tayari anajivuta kutoka kitini.

"Mimi nitabaki," alisema. "Vitenge hapana kimbia. Nitakwenda siku ingine."

"Kaa, Mama," Baba akamwambia.

"Nakaa nini? Mwili ya mimi peke yake ni kilo ya watu wawili. Toa mimi, umetoa mzigo!"

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Kaa. Kila mutu na kiti yake." Kisha Baba akamgeukia Mama. "Shuka."

Mama wa vitenge akapandisha sauti. "Kilo! Huyu si bibi yako?"

"Ndiyo maana," Baba alisema.

Mama alishuka ngazi kwa kujishika, taratibu, na mama wa vitenge akawa anatusonya kutoka mlangoni, akimwambia Baba maneno ya Kilugbara ambayo sitayaandika. Chini, Mama alisimama mbele ya Baba. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti aliyotumia kuuliza bei sokoni:

"Ulipima mimi sawa?"

"Sawa."

"Kilo iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi kitu gani ya mimi iko muzito?"

Baba akasema ndege itarudi keshokutwa. Yule mwembamba akapanda, bado anazungumza na simu. Mapanga yakawaka, vumbi likatufunika sote watatu, na Baba akasimama mkakamavu katikati ya vumbi lile mpaka ndege ilipopotea, kama ilivyokuwa desturi yake.

Keshokutwa ndege haikurudi. Kilikosekana kifaa fulani huko Entebbe. Tulisikia kesho, tena kesho. Uchungu ulimkuta Mama nyumbani. Hospitali walimpokea na kufanya kila walichoweza, na Mama mwenyewe hadi leo huwataja kwa heshima, kwa hiyo sina la kuwalaumu. Alikuwa mtoto wa kike. Hakulia.

Haya sikuambiwa. Niliambiwa Mama aliugua na sasa amepata nafuu, nimpelekee uji. Nilimkuta amelala chali chini ya shuka, na shuka ilikuwa bapa. Uso ulikuwa umerudi mdogo. Nilisimama pale na kopo la uji mikononi nikajawa na furaha ambayo hadi leo siwezi kuikumbuka bila kuona aibu mwili mzima, ingawa najua mtoto hana hatia ya kutoelezwa.

"Mama," nilisema, "umekuwa mwepesi! Sasa ndege itakuchukua."

Mama mdogo alinivuta mkono kwa nguvu mpaka uji ukamwagika. Mama akasema, "Mwache." Akanitazama. "Eee," akasema. "Sasa mimi iko mwepesi." Akageukia ukuta.

Nje, kwenye nyasi ambako ndugu wa wagonjwa walipika, mama mdogo alinitikisa mabega. "Wewe iko mjinga namna gani? Muzito ni mimba! Muzito ni mtoto iko ndani ya tumbo!"

"Na yule mutu muzito wa ndege? Yeye pia iko na mtoto?"

"Yule ni mkubwa! Mkubwa wanaita muzito."

"Na kilo?"

"Kilo ni kilo!" akapiga kelele, na hapo akaketi chini akaanza kulia, na mimi nikaketi kando yake nikijaribu kupanga maana hizo tatu kichwani, kila moja mahali pake, kwa sababu niliamini nikizipanga vizuri nitaelewa ni nani aliyekosea hesabu.

Mama alipotoka hospitali alikwenda Ludara na mdogo wake, kupumzika. Baba alimsindikiza hadi kituo cha magari. Kupumzika huko hakukuisha. Hakukuwa na ugomvi, wazee hawakuitwa, hakuna aliyetamka neno la talaka. Hakurudi, basi. Mimi niliachwa Mvara kwa sababu ya shule. Jumamosi moja Baba alinichukua tena uwanjani, na nikamsikia akimwambia mfanyabiashara mmoja aliyetaka kupita foleni, "Ndege hapana jua cheo." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mfanyabiashara akarudi nyuma. Nilitazama nyayo zangu zile nyekundu, kisha nikasema tumbo linaniuma, nikaenda nyumbani. Sikukaa tena kwenye benchi lile.

Kampuni haikudumu sana baada ya hapo. Vita vya barabarani viliisha, msafara ukaachwa, na lami ikaanza kusogea kuja kwetu. Watu walirudi kwenye mabasi, ambako hakuna anayekupima na kuku wako anapanda nawe. Ndege ya sisi ilizaliwa kwa hofu ya barabara, na barabara ilipotulia haikuwa na la kufanya. Siku moja ilikwenda kutengenezwa na haikurudi. Hakuna aliyetangaza. Ofisi ya mjini ikageuka duka la simu, na bango likabaki juu ya mlango mpaka jua likafuta herufi zake. Baba aliendelea kupiga pasi shati lake kwa muda mrefu. Majirani waliendelea kumwita Kilo, na walinisimulia habari zake kama habari za mtu wa mwisho mwenye haki Arua. Nilikua nikisikia hivyo. Niliwajibu ndiyo.

Ubaya ni kwamba nimefanana naye. Ufundi wa kompyuta nilijifundisha mwenyewe, nina kibanda mjini, na kwa miaka rafiki zangu walisubiri foleni ndefu kuliko wageni, ili mtu yeyote asije kusema napendelea. Rafiki yangu mmoja wa utotoni alileta mashine yake yenye kazi yake yote ya chuo, nikamwambia arudi wiki ijayo. Hakurudi. Watu walinisifu. Usiku nilikuwa natapika kwa wasiwasi, na mchana nilikuwa nasifiwa.

Baada ya kuiona mizani Koboko nilikwenda moja kwa moja Mvara, na mfuko wa samaki wa Mama bado mkononi. Baba alikuwa uani akimenya karanga.

"Nimeona mizani yako," nilimwambia.

Mikono ikasimama. "Iko wapi?"

"Koboko. Inapima samaki."

"Inapima sawa?"

"Sijui, Baba."

"Ile hapana danganya," alisema, akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakumwacha mama wa vitenge abaki, mtu aliyejitolea mwenyewe.

"Watu wangesema nini? Kilo anapendelea bibi yake. Kazi ingekuwa imeharibika."

"Na yule mkubwa? Yeye ndiye aliyefika mwisho. Sheria ilikuwa yako, Baba. Aliyefika mwisho anabaki."

Aliinua uso akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya watu wa mbali. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kunielewa kweli.

"Yule?" alisema. "Yule angebaki namna gani?"

Nilidhani kuna kitu kingine kinakuja. Miaka yote nilikuwa nimemwekea Baba msamaha tayari, msamaha wa mtu aliyeogopa, aliyesimama mlangoni mwa ndege akijua lililo sawa na kukosa nguvu ya kulifanya. Nilimwelewa mtu wa namna hiyo, mimi mwenyewe ni mwoga. Lakini Baba hakuwa ameogopa. Jambo lile halikuwahi kumpita kichwani, hata siku moja, siku ile wala baadaye. Alitafuta wa kumshusha miongoni mwa waliopimwa, na aliyemwona mwepesi kuliko wote alikuwa mke wake.

Akanisogezea bakuli la karanga. "Kula," alisema. "Umekonda." Nilikula chache, nikamuaga.

Kwa Mama nilifika jua likizama. Aliwapokea samaki, akawanusa, akasema safari hii nimechagua vizuri. Sikumwambia wamepimwa wapi. Yeye hajawahi kuniuliza habari za Baba, na Baba kila mara huuliza kama Mama yuko mzima, nami humjibu yuko mzima.

Tangu hapo limebadilika jambo moja. Zamani kila Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda kulala kwa Baba Mvara, kwa sababu nilimhurumia kwamba aliachwa peke yake. Siku hizi Ijumaa nafunga kibanda napanda basi kwenda Ludara, na Baba namwona siku za sikukuu.